Ziba jicho moja usome uzi huu: mambo ambayo ubongo wako unakuficha kuhusu macho yako

#1 Mpima_Uoni

Wakuu, salaam.

Kabla hujasonga mbele, ziba jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza, usome mistari miwili mitatu kwa jicho la kulia peke yake. Halafu geuza. Inua uso utazame kitu cha mbali, bango la duka au namba ya gari, jicho moja moja vilevile. Kama unavaa miwani, ivae. Ukikuta jicho moja linaona ukungu, au nondo za dirisha zinaonekana zimepinda kwa jicho hilo tu, umejua leo jambo ambalo pengine lingejificha miaka.

Naanza hivyo kwa sababu kazi yangu ni kupima macho, na watu wanaonitia simanzi kuliko wote ni wale wanaokuja kutafuta miwani ya kusomea, ukiwaziba jicho moja wanashtuka: "Mbona giza?" Jicho lile limekwisha zamani na mwenyewe hana habari. Hawa si wazembe. Barabara walikuwa wanavuka, sura wanazitambua, pesa wanahesabu. Jicho zima lilikuwa linafanya kazi ya mawili, na ubongo unaziba pengo kimya kimya.

Basi uzi huu ni wa hilo: jinsi ubongo unavyotutengenezea picha, na jinsi maradhi yanavyojificha nyuma ya picha hiyo. Mengi mnaweza kuyajaribu hapo mlipo.

Chukua karatasi nyeupe. Chora msalaba mdogo upande wa kushoto, na sentimita 8 kulia kwake chora kitone cheusi cha ukubwa wa kifungo cha shati. Ziba jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia kaza kutazama msalaba, usihame, huku ukiisogeza karatasi taratibu kutoka urefu wa mkono kuja usoni. Ikifika kama sentimita 30, kitone kinatoweka. Isogeze zaidi, kinarudi.

Mfaransa Edme Mariotte aliligundua jambo hili miaka ya 1660. Nyuma ya jicho kuna utando unaoitwa retina, ndio unaopokea mwanga. Nyuzi zake, kiasi cha milioni moja, zinakusanyika mahali pamoja na kutoka kwenda kwenye ubongo kama mshipa mmoja wa fahamu, na hapo zinapotokea hakuna seli ya kupokea mwanga hata moja. Hapo kila mmoja wetu ni kipofu tangu kuzaliwa. Na si padogo: ukitazama mbingu usiku kwa jicho moja, eneo hilo lingemeza miezi mpevu karibu kumi iliyopangwa mstari. Umeishi miaka yote na shimo hilo, je, umewahi kuliona?

La pili. Nyosha mkono mbele yako, inua kidole gumba. Ukucha wake ndio karibu eneo lote unaloliona kwa ukali kamili kwa wakati mmoja. Kwingine kote ni mambo ya kukadiria. Kaza jicho kwenye neno moja katikati ya mstari huu, kisha jaribu kusoma neno la nne au la tano kutoka hapo bila kuhamisha jicho. Hutaweza. Tunaona dunia nzima ikiwa kali kwa sababu macho yanaruka huku na huku, mara tatu hivi kila sekunde, na ubongo unaunganisha vipande.

Na huko kuruka nako unafichwa. Simama mbele ya kioo, utazame jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha rudi. Macho yako hutayaona yakihama hata mara moja, ingawa aliyesimama pembeni anayaona waziwazi. Sasa washa kamera ya mbele ya simu ufanye vilevile. Utayaona, kwa kuwa picha ya simu inachelewa kidogo. Kwenye kioo ubongo unakata kile kipande cha picha wakati jicho linasafiri.

Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita alizaliwa Basra, Iraq, mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyefanya kazi zake kubwa Cairo. Katika kitabu chake cha elimu ya kuona, Kitab al-Manazir, alionyesha kwamba mwanga ndio unaoingia jichoni kutoka kwenye vitu, wakati wengi waliamini jicho ndilo linalotoa miale. Akasema pia kwamba sehemu kubwa ya kuona ni hukumu ya akili. Mjerumani Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota, naye mwaka 1604 akaeleza kwamba picha inayotua kwenye retina imepinduka, juu chini. Mwaka 1896 Mmarekani George Stratton alijivisha lenzi za kupindua picha, na baada ya siku chache alianza kuizoea dunia ile. Ubongo ukipewa muda, unazoea karibu kila kitu.

Hapo ndipo penye hatari. Glakoma, ile wengi wanaiita presha ya macho, inaua nyuzi za ule mshipa wa fahamu polepole, kwa kawaida ikianzia pembezoni mwa uoni. Haiumi. Jicho haliwi jekundu. Sehemu iliyokufa haionekani kama giza wala doa, ubongo unaijaza kama ulivyojaza pale kwenye kitone. Hata katika nchi tajiri karibu nusu ya wenye glakoma hawajui kuwa wanayo, na kwetu hali ni mbaya zaidi, maana kwa watu wa asili ya Afrika ugonjwa huu hutokea zaidi, huanza mapema na hukimbia. Kilichopotea hakirudi, si kwa dawa wala kwa upasuaji. Matibabu yanalinda kilichobaki.

Presha ya damu na presha ya jicho ni vitu viwili. Nesi akikwambia presha yako iko sawa, amepima mkono. Jicho lina kipimo chake, na hata likionyesha namba nzuri bado mtaalamu anatakiwa autazame mshipa wenyewe kwa ndani, kwa sababu wapo wanaoharibikiwa na presha ikiwa ya kawaida. Ukifika miaka 40, nenda ukapimwe. Kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja anayo, usingoje hiyo 40.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

#2 Bin_Seif

Mkuu, la kitone nimelifanya nikiwa na wanangu, wamepiga kelele nyumba nzima. Lakini kuna kitu kimenishangaza. Nilichora kwenye daftari la mistari. Kitone kilipopotea sikuona tundu, niliona mistari ya daftari imepita palepale kana kwamba hapakuwa na kitu. Hiyo mistari nimeionaje kama hapo ni kipofu?

#3 Mpima_Uoni

Umegusa penyewe, Bin_Seif. Hukuiona, ubongo umeichora. Umetazama jirani kuna nini, ukakuta mistari, ukaiendeleza. Kwenye karatasi nyekundu ungejaza nyekundu. Ndiyo maana nasisitiza kuziba jicho moja moja: macho yote mawili yakiwa wazi, shimo la jicho hili linajazwa na kile ambacho jicho lile linakiona kweli, na hapo huna njia ya kugundua.

#4 MamaWawili

Asante kwa uzi. Naomba msaada. Mwanangu wa kiume ana miaka 7, anajikuna macho sana, hasa jioni na kipindi cha vumbi. Weupe wa jicho umegeuka kama kahawia. Tulinunua dawa ya matone dukani, ikamsaidia siku ileile. Tukiacha, inarudi. Kwa hiyo tunanunua tena na tena, ni mwaka sasa. Je, ni sawa?

#5 Mpima_Uoni

Dada, kwanza pole, na umefanya vyema kuuliza. Tafuta kile kichupa usome jina la dawa iliyo ndani. Ukikuta *dexamethasone*, *betamethasone* au *prednisolone*, hiyo ni steroidi, na mtoto aliyeitumia mwaka mzima anahitaji kuonwa na daktari wa macho wiki hii. Nenda nacho kichupa.

Unavyoeleza inafanana sana na mzio wa macho wa watoto, ule unaoshika zaidi wavulana wa nchi za joto na vumbi. Ni ugonjwa unaosumbua, ila wengi hupona wakishapevuka. Steroidi inautuliza haraka, na daktari anaweza kuiandika kwa siku chache huku akimfuatilia. Shida ni kuitumia miezi kwa miezi bila mtu kupima. Inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na kuleta glakoma, au mtoto wa jicho, kwa mtoto ambaye alikuja na mwasho tu. Nimewaona vijana wa sekondari wa namna hiyo, mwasho umepona wenyewe kama ulivyotarajiwa, na mshipa wa jicho umekufa. Hakuna kinachonikera katika kazi hii kama hicho, kwa sababu kilizuilika.

Zipo dawa za matone za mzio zisizo na steroidi, zinazoweza kutumika muda mrefu. Hazifanyi kazi siku ileile, zinataka subira. Wakati huohuo, kitambaa safi chenye maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, kunawa uso akirudi kucheza, kofia ya ukingo, na umzuie kusugua. Kusugua miaka mingi kwa nguvu kunahusishwa na konea, kile kioo cha mbele, kuchongoka kama koni na kuharibu uoni.

#6 Mjukuu_wa_Kizee

Mimi naona hospitali mnatisha watu bure. Mwaka 2024 mwanzoni ugonjwa wa macho mekundu ulipopita Dar, nyumba yetu wote tulipata. Bibi alitutia maziwa ya mama anayenyonyesha, wengine maji ya chumvi. Wote tulipona ndani ya wiki mbili. Dawa za asili zipo na zinafanya kazi.

#7 Mpima_Uoni

Ndugu Mjukuu, nakuheshimu na bibi namheshimu, alifanya kwa upendo. Ule mlipuko wa Januari 2024, uliosambaa pia pwani ya Kenya, ulikuwa wa virusi. Macho mekundu ya virusi yanapona yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili, utie kitu usitie. Kwa hiyo chochote kilichowekwa siku hizo kilipata sifa ya kuponya. Aliyeweka maziwa anasifu maziwa, aliyeweka chai ya rangi anasifu chai.

Tatizo linakuja pale jekundu lile si la virusi vya kawaida. Anayekuja na kidonda kwenye konea, ukaweka maziwa au majani yaliyotwangwa, umepanda bakteria au fangasi kwenye jeraha. Konea haina mishipa ya damu, oksijeni yake inachukua hewani, na ikipata kidonda kibaya inapona kwa kovu jeupe. Kovu likiwa katikati, mtu haoni. Mkojo ndio mbaya kabisa: bakteria wa kisonono wakifika jichoni wanaweza kutoboa konea kwa muda mfupi sana.

Jekundu la kungoja nyumbani ni lile lenye mwasho na machozi lakini unaona vizuri. Nawa mikono, taulo lako peke yako, usimshike mtoto usoni. Jekundu lenye maumivu makali, au uoni umepungua, au mwanga unachoma, au umeona doa jeupe kwenye mboni, hilo ni la siku hiyohiyo hospitali. Vilevile kichanga cha siku chache chenye tongotongo jingi na kope zimevimba, usingoje kesho.

#8 Fundi_Mageti

Mkuu mimi nachomelea. Vijana wangu wengi wanatazama moto bila kioo, wanasema wamezoea. Ikifika saa nane usiku mtu analia, macho kama yamejaa mchanga. Asubuhi anaweka kiazi. Hilo tatizo linaharibu kabisa au linaisha?

#9 Mpima_Uoni

Linaisha kwa kawaida ndani ya siku moja mpaka mbili, Fundi, na kiazi hakina sehemu katika kupona kwake. Ule mwanga una miale ya urujuanimno inayounguza ngozi ya juu ya konea. Maumivu huchelewa saa 6 hadi 12, ndiyo maana mtu anakuwa mzima jioni na analia usiku. Apumzike gizani, anywe dawa ya maumivu ya kawaida. Asitafute yale matone ya ganzi. Yanatuliza mara moja, lakini akiyatumia tena na tena konea haiponi, na inaweza kuoza. Na hakuna kuzoea. Kila mara ni kuungua upya.

Ila ukiniuliza mimi, grenda inanitisha zaidi. Kipande cha chuma kikiruka na kunasa kwenye konea, mwenzake anakitoa kwa wembe au njiti ya kiberiti. Tafadhali, wakatazeni. Na kama mtu alikuwa anagonga nyundo juu ya chuma akahisi kitu kimempiga, hata kama jicho linaonekana salama, apelekwe, maana kipande kinaweza kuwa kimepita mpaka ndani. Miwani ya plastiki ya kujikinga ni bei ndogo kuliko kitu chochote kwenye karakana yako.

Kwa wa saruji na chokaa: zikiingia jichoni, maji hapohapo, mengi, nusu saa nzima, ukilifungua jicho na kutoa chembe zote hata chini ya kope. Usipoteze muda kutafuta gari kwanza. Chokaa ni mbaya kuliko asidi ya betri kwa kuwa inaendelea kuzama ndani.

#10 Mtu_wa_Voi

Huku kwetu kuna swila, yule nyoka wa kutema. Jirani yangu alitemewa akifungua banda la kuku. Wakamwoshea kwa maziwa kwa sababu maji yalikuwa mbali. Alipona. Hii ni sahihi?

#11 Mpima_Uoni

Sahihi, kwa dharura. Cha kwanza ni kuosha, na kama maji hayapo, maziwa ya kunywa yanafaa kuliko kungoja. Sumu inachoma konea, kila dakika inahesabika. Baada ya hapo hospitali, wapime kama kuna mchubuko na wampe dawa ya kuzuia vijidudu. Serumu ya nyoka haihitajiki kwa sumu iliyoingia jichoni tu bila kuumwa. Pwani yenu, kwa taarifa, ndiyo nyumbani kwa swila mkubwa kuliko wote wanaotema, *Naja ashei*, aliyetambuliwa rasmi kuwa spishi peke yake mwaka 2007 na kupewa jina la James Ashe wa Watamu.

#12 Karani_K

Nakaa mbele ya kompyuta tangu saa mbili asubuhi. Jioni macho yanawaka na kichwa kinauma. Muuza miwani ameniambia ninunue ya kuzuia mwanga wa buluu, ni ghali. Ninunue?

#13 Mpima_Uoni

Hela yako itunze. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, shirika la kimataifa linalokusanya na kuchambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 17 na hayakuona kwamba miwani hiyo inapunguza uchovu wa macho kuliko ya kawaida. Mwanga wa buluu wa skrini ni mdogo sana ukilinganisha na ule wa jua unaoupata ukitembea kwenda kula mchana.

Unachofanya mbele ya skrini ni kuacha kupepesa. Mtu wa kawaida anapepesa kama mara 15 kwa dakika, kwenye skrini inaweza kushuka chini ya nusu. Machozi yanakauka, jicho linawaka. Pepesa kwa makusudi, kope zikutane kabisa. Kila baada ya dakika 20 tazama mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20, misuli ya ndani ilegee. Feni isikupulize usoni. Skrini iwe chini kidogo ya usawa wa macho. Na kabla ya yote pima macho, kwa sababu kichwa cha jioni mara nyingi ni namba ndogo ya miwani ambayo hujaijua.

#14 Mwalimu_TransNzoia

Niongeze kutoka huku Kitale. Sisi walimu tulifundishwa kupima wanafunzi kwa simu, mradi wa Peek, ule aliouanzisha Dkt. Andrew Bastawrous baada ya utafiti wake Nakuru. Mtoto anaonyeshwa herufi E imegeuzwa pande mbalimbali, anaonyesha kwa mkono imeelekea wapi. Utafiti wa Trans Nzoia ulichapishwa 2018: pale mtoto alipoonyeshwa kwenye simu jinsi anavyoona, mzazi akapelekewa picha hiyo imechapwa na kukumbushwa kwa ujumbe, watoto 54 kati ya 100 walifika kliniki, badala ya 22 kwa utaratibu wa zamani wa barua. Mzazi akiona ule ukungu mwenyewe, anaenda. Tatizo ni kwamba mtoto halalamiki. Anaitwa mjinga, kumbe ubao hauoni.

#15 Mpima_Uoni

Mwalimu, ubarikiwe, hii nyongeza ni kubwa kuliko nilichoandika. Mtoto halalamiki kwa sababu hajui kuna namna nyingine ya kuona.

Na kwa mtoto ubongo unafanya kitu kikali zaidi. Jicho moja likiwa na ukungu au makengeza, ubongo unaokua unaamua kulipuuza na kujenga njia za jicho moja tu. Hilo ndilo jicho vivu. Likigundulika mapema, kwa miwani na kuziba lile jicho zuri kwa muda maalum kila siku, linaamka. Likiachwa mpaka baada ya miaka 7 au 8, kazi inakuwa ngumu sana, na hata ukimvisha miwani nzuri ukubwani haoni vizuri. Nyumbani jaribu hivi: mzibe jicho moja kama mchezo. Akikubali jicho la kulia lizibwe lakini la kushoto analia na kuuondoa mkono wako, amekwambia kila kitu.

Jambo jingine kwa wazazi, naomba msilipite. Mkipiga picha ya mtoto kwa simu yenye mwanga, na mboni ya jicho moja inatoka nyeupe au ya njano mara kwa mara, mpelekeni hospitali kubwa ya macho mara moja. Inaweza kuwa saratani ya retina ya watoto wadogo, au mtoto wa jicho wa kuzaliwa. Saratani hiyo ikiwahiwa inatibika na mtoto anaishi.

Na waacheni wacheze nje. Guangzhou, China, shule zilizoongeza dakika 40 za nje kila siku ya shule, baada ya miaka mitatu watoto 30 kati ya 100 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, wakati kwenye shule nyingine walikuwa karibu 40.

#16 Mvuvi_Mstaafu

Sisi wavuvi tuna jambo letu. Usiku ukitafuta nyota ndogo, usiitazame, tazama kando yake kidogo, itajitokeza. Wazee walitufundisha hivyo. Na ukiwasha tochi chomboni unapata matusi. Wataalamu mnalielezaje?

#17 Mpima_Uoni

Shikamoo mzee. Wazee walikuwa sahihi mno. Retina ina seli za aina mbili za kuonea. Za rangi ni kama milioni 6 na zimejaa pale katikati, penye ule ukucha wa gumba. Za giza ni kama milioni 120 na zimetapakaa kando; katikati kabisa hakuna hata moja. Ukiikodolea nyota hafifu unaielekeza mahali pasipo na seli za giza, inapotea. Seli hizo zinahitaji kama nusu saa gizani kufikia ukali wake wote, na tochi moja nyeupe inafuta kazi hiyo yote. Ya mwanga mwekundu haiziharibu sana. Hizi za giza haziwezi kufanya kazi bila vitamini A, ndiyo maana mtoto anayejikwaa magharibi wakati wenzake wanakimbia apewe vitamini A haraka, na ndiyo sababu ya yale matone ya kila miezi sita kwa walio chini ya miaka mitano. Nyumbani ni mchicha, matembele, maembe mabivu, maini na viazi lishe vya rangi ya chungwa.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa bahari: huko Thailand kuna watu wa pwani wanaoitwa Moken. Mtafiti wa Uswidi, Anna Gislén, alionyesha mwaka 2003 kwamba watoto wao wanaona chini ya maji kwa ukali mara mbili ya watoto wa Ulaya, kwa sababu mboni zao zinabanwa wakizama. Baadaye watoto wa Ulaya walipofunzwa, nao waliweza.

#18 Ustadh_Tumbatu

Nina miaka 47. Msahafu sasa nausogeza mpaka mkono unaisha. Mke wangu anasema nikianza miwani macho yatazoea na kuharibika, nivumilie.

#19 Mpima_Uoni

Ustadh, lenzi ya ndani ya jicho inakakamaa kwa umri, kwa kila binadamu, kuanzia kama miaka 40. Itaendelea kukakamaa uvae usivae. Miwani haiharakishi. Kongwa, Dodoma, watafiti walikuta zaidi ya nusu ya wenye miaka 40 na kuendelea wana hali hiyohiyo, na wengi hawakuwa na miwani. Assam, India, wachuma chai waliopewa miwani ya kuonea karibu walichuma zaidi kwa karibu asilimia 22 kuliko wenzao wasiopewa, utafiti wa 2018. Bangladesh, utafiti uliochapishwa 2024, kipato cha waliopewa kilikuwa juu kwa theluthi. Kwa fundi cherehani, mchagua mchele na mwalimu wa madrasa, miwani ni kifaa cha kazi. Ila usinunue ya barabarani kabla hujapimwa hata mara moja, kwa sababu iliyotajwa huko juu kabisa. Miwani ya dukani haikwambii kuhusu glakoma.

#20 Binti_Mgogo

Umeitaja Kongwa, nimefurahi. Bibi yangu alikuwa na vikope. Kope ziligeukia ndani zikawa zinakwangua jicho, alikuwa anazing'oa kwa kibano kila jumamosi. Sisi wajukuu hatuna. Naomba watu wajue kwamba ugonjwa ule ulipungua sana kwa maji ya kunawa uso, vyoo, dawa za kugawa na upasuaji wa kope. Utafiti mkubwa wa kunawisha watoto nyuso ulifanyika kwetu. Nzi wanafuata tongotongo, ukinawa mtoto hawana cha kufuata. Kwa bibi maji yalikuwa mbali, haikuwa uchafu wa mtu.

#21 Mpima_Uoni

Asante sana Binti_Mgogo. Niongeze tu kwamba kung'oa kwa kibano kunatuliza muda mfupi, kope zinarudi fupi na ngumu. Upasuaji wa kope ni mdogo, unafanyika chini ya ganzi ya kawaida, mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mwenye mzazi kijijini anayebeba kibano, amtafutie.

#22 Kaka_Mkubwa

Baba aligundulika na glakoma mwezi uliopita, jicho moja limekwisha. Tuko ndugu watano, mkubwa mimi nina 38. Tumekubaliana wote twende. Tujiandae vipi, na baba anasema dawa anaweka lakini haoni mabadiliko, anataka kuacha.

#23 Mpima_Uoni

Pole sana kaka, na nendeni wote watano. Mtapimwa presha ya jicho, uwanja wa kuona kwa mashine ya vitone vya mwanga, na kutazamwa mshipa kwa ndani. Kwa hilo la mwisho huwa wanaweka dawa ya kutanua mboni, vitu vya karibu utaviona kwa ukungu na jua litachoma kwa saa kadhaa, kwa hiyo asiendeshe mtu gari wala pikipiki. Chukueni kofia, na ikiwezekana msiende wote siku moja ili wa kuongoza wawepo. Kila mmoja aombe namba zake aandikiwe, atunze karatasi, maana mwakani zitalinganishwa. Hata mkiambiwa mko salama, muulize mrudi lini.

Baba asiache dawa. Mwelezeni kwamba dawa ikifanya kazi hataona mabadiliko yoyote. Uoni kubaki ulivyo ndiyo faida yake. Tone moja linatosha, afumbe jicho dakika mbili huku akibonyeza kidogo kwa kidole pembe ya jicho upande wa pua, dawa isikimbilie kooni. Kama inampa pumu au moyo kwenda taratibu, amwambie daktari abadilishiwe, kuna aina nyingine. Na kama tatizo ni gharama au mkono unatetemeka, aseme pia. Upasuaji wa kushusha presha upo, na kwa wengine ndio unaofaa kuliko matone ya maisha yote.

Mkishapimwa rudi hapa utuambie mmeambiwaje.